Aliyetoka Mnara wa Tano

Watu hugombana kwa shamba, kwa mume, kwa maneno ya jikoni. Dada hawa wawili, tumbo moja na ziwa moja, waliacha kula pamoja kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Mwanamke huyo aliitwa Mshika-Taa. Alikuwa mtu wa kwenye mchezo wa redio, Minara Saba, uliorushwa kila Jumapili saa tisa alasiri enzi za utoto wao. Ulikuwa mchezo wa nchi ya kubuni, nchi ya ukungu usiokwisha, ambayo watu wake walipelekeana habari kwa taa kutoka mnara hadi mnara. Mshika-Taa alilinda mnara wa tano. Ikifika saa tisa, nusu ya mji ilinyamaza ikimsikiliza yeye. Mchezo ulipokwisha vikatoka vitabu vidogo tisa; baada ya vitabu ikaja filamu; na baada ya filamu wakaja mashabiki wapya, watoto wa juzi, ambao redio wanaijua kwa kuiona kabatini kwa bibi zao. Taabu ni kwamba vitu hivyo vitatu havikusema jambo moja. Na kanda za redio zenyewe hazipo. Stesheni ilizifuta moja moja ili irekodi mpira na hotuba juu yake.

Ndipo mashabiki wakaunda chama. Walijiita Wanaminara, na walikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi, waamue lipi ni la hadithi yenyewe na lipi limepachikwa na wapita njia. Hawakuwa na maneno makubwa. Jambo likikubaliwa, walisema, "Imo." Likikataliwa, "Haimo." Mtu angefika pale amechoka na kazi zake, akaketi kwenye kiti cha plastiki akivuta harufu ya rangi ya mafuta, na kabla hajamaliza chupa yake ya maji ungemkuta kasimama, anapiga meza, kisa rangi ya farasi.

Katibu wa chama alikuwa yule dada mkubwa. Alifanya kazi masijala ya ardhi, mwaka wa ishirini na sita sasa, na wenzake walimwita Mama Masijala, au Masijala tu akiwa hayupo. Mbele ya dirisha lake walikuwa wamepita watu wengi wakilia, wakiapa kwa makaburi ya babu zao, huku faili ikisema lingine kabisa. Kazi hiyo ilimfanya mkavu wa macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu haamini kitu kisicho na tarehe na sahihi.

Mdogo wake, waliyepishana miaka mitano, alikuwa msusi. Alikuwa na saluni yenye sinki mbili na vikausha nywele vitatu, kimoja kizima na viwili vikifanya kazi vikijisikia. Huyu aliishi kwa mdomo kama vile dada yake alivyoishi kwa karatasi. Mteja aliyeketi kwake saa tano akisukwa aliondoka na kichwa kizuri na hadithi tatu za kwenda kusimulia kwake.

Basi ugomvi wao ulikuwa huu. Katika kitabu cha sita, mnara wa tano unashika moto na Mshika-Taa anaungua nao. Msusi alisema sivyo. Redioni Mshika-Taa aliokoka. Alisikia kwa masikio yake mawili.

"Ushahidi?" Masijala alimuuliza kila mara.

"Masikio yangu."

"Masikio hayapigwi muhuri."

"Lisemwalo lipo, dada."

"Na kama halipo laja. Ndivyo uongo unavyozaliwa."

Kwa muda mrefu yalikuwa maneno ya utani. Lakini siku moja, miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, walikuwa mezani kwa baba yao, pamoja na wakwe wa Msusi waliokuja kumposa binti yake wa mwisho, na mjadala ukaanza tena. Masijala akasema, mbele ya watu wote, "Wewe ulikuwa na miaka sita. Mama alikuwa hospitali, ulikuwa unalia mchana kutwa na kukojoa kitandani. Uliota, mdogo wangu. Uliota ukaamka ukaita redio."

 Msusi akakunja kitambaa chake cha mkono, akakiweka kando ya sahani, akatoka. Baba yao, mkaguzi wa mabasi mstaafu ambaye sikio lake la kulia lilikuwa limestaafu kabla yake, akawageukia wageni akauliza, "Huyo mwanamke wanayemgombania ni mchumba wa nani?"

Hakuna aliyecheka. Tangu hapo dada hao waliongea kwa ujumbe wa simu, na ujumbe wenyewe ulikuwa kama telegramu: Baba kameza dawa. Baba anahitaji miwani. Msusi hakukanyaga tena chumba cha juu ya duka la rangi.

Miaka miwili baada ya chakula kile, mchapishaji mmoja aliandikia chama barua. Alikusudia kutoa Minara Saba yote katika kitabu kimoja kikubwa, na kwa kuwa kanda hazipo, aliomba Wanaminara wakusanye kumbukumbu za wasikilizaji wa zamani. Lile ambalo chama kingesema "imo" lingeingia kitabuni. Chumba kilijaa siku hiyo hata wengine wakakaa ngazini.

Mwenyekiti, mfamasia mpole mwenye sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kumeza vidonge, akaweka sharti moja. "Shahidi akiwa anasema, hakatizwi. Hata akisema Mshika-Taa alikuwa samaki, mwacheni amalize. Katibu ataandika, neno kwa neno."

Mashahidi kumi na sita walisikilizwa katika vikao vitatu. Kumi na wanne walisema Mshika-Taa aliungua, ingawa wengi wao, wakibanwa kidogo, walikiri kwamba walisoma kitabu kwanza. Wawili walisema aliokoka. Shahidi wa kumi na saba alikuwa Msusi. Mwenyekiti ndiye aliyemfuata saluni kumwomba, na aliporudi hakumwambia Katibu ila alipokuwa tayari ameliandika jina kwenye orodha.

Msusi alikuja amevaa gauni la bluu, akaketi mbele, hakumtazama dada yake. Masijala akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe. Alikuwa ameshabishana na mdogo wake kuhusu jambo hili labda mara mia, na ni pale tu, kalamu ikiwa mkononi, alipogundua kwamba hakuwahi hata mara moja kumwacha alisimulie hadi mwisho.

"Moto ulianzia chini, ghala la mafuta," Msusi akaanza. "Mlango ukawa haushikiki. Redio yetu ilikuwa na kawaida ya kukoroma, na hapo ikakoroma, ikanyamaza, mimi nikapiga kelele. Halafu ikarudi. Sauti ilikuwa ya chini, kama mtu anayenong'ona, lakini ilikuwa yeye. Akasema, kisima. Ndani ya mnara kulikuwa na kisima cha maji ya mvua, na ndani ya kisima kulikuwa na ngazi za mawe. Akalowesha blanketi, akajifunika, akaanza kushuka. Moshi ulikuwa mzito, huoni mkono wako. Kwa hiyo akahesabu. Ila hakuhesabu moja, mbili, tatu. Alihesabu kurudi nyuma, kuanzia arobaini na moja. Alisema ukihesabu kurudi nyuma woga unakosa pa kukaa, kwa sababu kila hatua unajua zimebaki ngapi. Arobaini na moja. Arobaini. Thelathini na tisa. Alizihesabu zote. Alipofika moja akakanyaga maji, akapita chini ya ukuta, akatokea katikati ya shamba la mtama, nywele zimeungua upande mmoja. Akacheka. Nakumbuka kicheko. Kisha muziki."

Kalamu ya Masijala ilikuwa imesimama kwenye arobaini na moja.

Wodi ya wanawake ilikuwa ghorofa ya tatu. Ngazi zake zilikuwa arobaini na moja, za saruji, zimelika katikati. Kila siku baada ya shule yeye na mdogo wake walizipanda kwenda kumwona mama, na yule mdogo, akiogopa harufu ya dawa, alikuwa akikwama ngazi za mwanzo asitake kusogea. Masijala, mwenye miaka kumi na moja, ndiye aliyebuni mchezo wa kuhesabu kurudi nyuma. "Ukifika moja, utamwona mama."

Na Jumapili ile betri zilikuwa zimekwisha. Alizianika juani dirishani tangu asubuhi, akaziuma kidogo kwa meno kama baba alivyofanya, lakini wapi. Mlango wa mnara ulipoanza kuungua sauti ya redio ikazama, ikavutika kama mtu mwenye usingizi, ikafa. Mdogo wake akapiga ukelele: "Atakufa? Dada, atakufa, na mama naye?" Masijala akamwambia, "Tulia, naenda kuigonga." Akapita nyuma ya pazia lililoficha kabati la redio. Akaigonga. Haikuamka. Basi akachuchumaa pale pale, kwenye vumbi, akakaza koo, akasema kwa sauti ya Mshika-Taa: kisima.

Makofi yalimgutusha. Chumba kizima kilikuwa kinapiga makofi. Mwanafunzi mmoja wa sheria, binti mwenye miwani mikubwa, alikuwa tayari amesimama. "Mwenyekiti, sasa ni mashahidi watatu, na wote wanasema alitoka hai! Mashahidi watatu hawawezi kuota ndoto moja."

Masijala aliwajua hao wengine wawili. Mmoja alikaa dawati moja na Msusi darasa la kwanza. Mwingine alikuwa akisukwa kwake kila baada ya wiki tatu, na hajui siku aliyoacha kusimuliwa akaanza kukumbuka.

"Tupige kura," mtu akasema nyuma. Mikono ikaanza kupanda kabla haijaitwa.

"Mwenyekiti," Masijala akasema, "naomba tuahirishe."

"Kwa sababu gani, Katibu?"

"Kuna karatasi haijakamilika."

Msusi akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hata leo?" akasema. Akachukua mkoba wake, akatoka, na visigino vyake vikasikika ngazini hadi mtaani.

Siku tatu zilizofuata Masijala alifanya kazi kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Njia rahisi aliiona: anyamaze. Mikono ingepanda, Mshika-Taa angetoka kisimani ndani ya kitabu kikubwa chenye jalada gumu, mdogo wake angekuwa mshindi, na siri ingekuwa ya mtu mmoja. Hiyo nayo ingekuwa zawadi. Lakini alijua pia uongo huzoea karatasi upesi. Akamkumbuka mzee mmoja aliyefika dirishani kwake miaka ya nyuma na hati ya kiwanja. Hati ilikuwa ya kughushi. Baba wa huyo mzee aliiandika mwenyewe ili mwanawe asiishi na hofu. Masijala aliigonga muhuri wa BATILI bila kupepesa. Alipokwenda kukikagua kiwanja alikuta michungwa, mistari saba, imezaa. Hati ilikuwa ya uongo, lakini miti ilikuwa miti. Hakujua wakati ule aliandike wapi jambo hilo, na hakuliandika.

Na kulikuwa na lingine, lililomuuma zaidi. Hakuwa amesahau. Alikuwa ameliweka tu mahali, kama faili unayoisukuma nyuma ya rafu. Siku tisa baada ya Jumapili ile mama yao alifariki. Yeye alikuwa amemwambia mtoto kwamba watu hutoka motoni. Tangu siku ya maziko hakumsimulia mtu hadithi yoyote, wala mdogo wake, wala, baadaye, watoto wake mwenyewe.

Jumanne aliomba ruhusa kazini, akaenda saluni. Mchana ule kulikuwa na mteja mmoja tu chini ya kikausha nywele, kile kizima, akisinzia. Msusi alikuwa akichambua rasta.

"Tumefunga," akasema.

"Mlango uko wazi."

"Kwako tumefunga."

Masijala akaenda akaketi kwenye kiti cha sinki, akavua kilemba, akalaza shingo. Lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kulifanya pale. Nywele zake alizisuka kwingine, kwa fundi asiyeongea. Msusi akaweka rasta chini. Kisha mikono ya kazi ina akili zake: akafungua bomba, akayapima maji kwa kiwiko, akaanza kumwosha.

"Ile sauti," Masijala akasema akiangalia dari. "Ya chini. Kama mtu anayenong'ona."

"Sitaki kubishana na kichwa kilicho mikononi mwangu. Naweza kukichemsha."

"Nilikuwa mimi."

Vidole vikaendelea kidogo, vikapungua, vikasimama.

Akamweleza yote. Betri, dirisha, pazia, vumbi. Ngazi za hospitali. Alieleza vibaya, akirudia rudia, yeye ambaye muhtasari wake ulisifiwa kwa unyoofu. Maji yalikuwa yakiendelea kumwagika sinkini, hakuna aliyeyafunga.

"Umekuja kunipokonya na hili pia," Msusi akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo. "Miaka arobaini nina kitu kimoja ambacho wewe hukunipa. Kimoja! Viatu nilivaa vyako. Daftari nilitumia zako, nikiandikia migongo ya kurasa. Hicho kimoja nilikisikia mwenyewe."

"Najua."

"Hujui. Ulinicheka mbele ya wakwe zangu kwa maneno yako mwenyewe."

Hilo lilimkata Masijala kwa sababu lilikuwa kweli tupu.  Maji ya sabuni yalimwingia jichoni naye akayaacha.

Msusi akafunga bomba. Akachukua taulo, akamfunika kichwa, akakaa kwenye stuli iliyokuwa karibu. Kisha akauliza, "Mama alikuwa bado hai siku hiyo?"

"Alikuwa hai. Siku tisa zaidi."

"Mimi nilifikiri... Siku ya maziko, watu walikuwa wengi, nikawa naona miguu tu. Nikawa najiambia, angalau mmoja alitoka. Wawili waliingia, mmoja alitoka. Nikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Nilihesabu mpaka wakamaliza kufukia." Akajifuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu. "Usiku mwingine bado nahesabu."

"Nilidhani nilikudanganya," Masijala akasema. "Nikaapa sitasema tena kitu nisichokuwa na hakika nacho."

"Ndiyo maana ukawa hivi?"

"Hivi vipi?"

"Kama stempu."

Mteja chini ya kikausha nywele, ambaye kumbe hakuwa amesinzia hata kidogo, akacheka puu, kisha akaomba radhi. Dada hao wakatazamana, na kitu ambacho kilikuwa kimekaza kwa miaka miwili kikalegea kidogo. Si chote. Msusi alimsuka dada yake mabutu manne bila kusema neno zaidi, na alivuta nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi ya mwezi uliofuata chumba kilijaa tena. Masijala alikuwa ameandika taarifa ya kurasa mbili, akiwa tayari kuisoma, lakini Msusi akamtangulia kusimama.

"Naondoa ushahidi wangu," akasema. "Sikusikia redioni. Betri zilikuwa zimekwisha. Nilisikia kwa dada yangu, alikuwa nyuma ya pazia. Andikeni: kisima haimo."

Kelele zilizozuka pale zilimpandisha ngazi mwenye duka la rangi, kuja kuuliza kama kuna mtu kaumia. Binti wa sheria alivua miwani akaivaa tena mara tatu. Na yule mama aliyekaa dawati moja na Msusi alisimama akiwaka.

"Mimi siondoi! Mimi nilisikia redioni, kwetu, na betri zetu zilikuwa mpya!"

"Dada," Masijala akamwambia taratibu, "mimi ndiye niliyeitunga."

"Wewe unasema uliitunga. Mimi nasema niliisikia. Sasa nani kati yetu ana kanda?"

Katibu akaweka kalamu chini. Mwenyekiti akamuuliza, "Basi kwa unavyojua wewe, redioni ilikuwaje? Aliungua?"

Masijala akafungua mdomo aseme ndiyo. Miaka yote hiyo alikuwa amesema ndiyo. "Sijui," akasema. "Mimi pia sikusikia. Tulikuwa wote, redio moja. Ninachojua ni cha kitabuni."

Wakabishana hadi saa kumi na moja. Mwisho wakalazimika kutunga neno la tatu, kwani mawili waliyokuwa nayo hayakutosha. Kuhusu kisima wakaandika "haimo." Kuhusu kifo cha Mshika-Taa redioni wakaandika "hatujui," na binti wa sheria akalalamika kwamba hilo si neno la mashabiki, ni neno la watu wazima.

Kitabu kikubwa kilitoka mwaka uliofuata. Ndani yake mnara wa tano unaungua kama ulivyoungua kwenye kile kidogo, na mwisho wa ukurasa kuna mstari mmoja wa herufi ndogo kwamba wasikilizaji hawakubaliani. Msusi alinunua nakala, akaiweka saluni karibu na kioo. Mteja akifika ukurasa huo humwambia, "Hapo wameandika hivyo. Sasa ngoja nikwambie ilivyotungwa." Na husimulia yote, pazia, vumbi na ngazi, na siku hizi ni hadithi ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza.

Masijala alianza kwenda kwa baba yao tena Jumapili wakati mdogo wake yupo. Hawakupatana kwa siku moja. Kulikuwa na Jumapili walizokaa kimya na nyingine Msusi aliondoka mapema. Lakini siku moja mjukuu wa Msusi, msichana wa miaka mitano mwenye maswali yasiyo na breki, alimwuliza bibi yake mkubwa kwamba Mshika-Taa, alipotoka kwenye shamba la mtama, alikwenda wapi. Masijala alikuwa akikausha vyombo. Akasema hajui. Mtoto akasubiri. Msusi, mikono kwenye maji, hakugeuka, ila aliacha kusugua sufuria.

Masijala akaweka sahani chini, akavuta kiti. "Kwanza," akasema, "alikuwa na njaa sana."